Safari ya Kilwa: Mpingo Hadi Kalamu

Wengi wetu huujua mpingo ukiwa umekwisha kuwa kitu: kinyago juu ya kabati, bakora mkononi mwa mzee, pambo katika sebule ya mgeni. Wachache wameuona umesimama msituni, na wachache zaidi wameuona ukizunguka kwa kasi katika mashine ya kukereza, ukimwaga maranda meusi, hata ukageuka kalamu ya kuandikia. Nimetoka kusini, ambako niliufuata mti huu tangu shinani hadi kwenye ncha ya wino, na nayaandika niliyoyaona kwa kuwa naamini kwamba mwenye kushika kalamu astahili kuujua mti uliomo mkononi mwake, na kwamba watu waliolelewa chini ya mti huo wastahili kuwa wa kwanza kuikereza kalamu yake.

Mwenge

Nilianza safari pale ambapo mpingo humalizia yake, yaani sokoni. Katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, mlio wa tezo juu ya mti mgumu husikika tangu barabarani kabla macho hayajaona kitu, na ukiingia ndani wawakuta mafundi wa Kimakonde na wanafunzi wao wameketi chini, miguu imelibana gogo, mkono mmoja umeshika chombo na mwingine waligeuzageuza gogo kwa upole mkubwa. Mababu zao katika uwanda wa juu wa Newala na ng'ambo ya mto Ruvuma walichonga barakoa za mapiko kwa mbao nyepesi. Mpingo ulitwaa nafasi ya kwanza baadaye, kazi hiyo ilipopata wanunuzi kutoka mbali, na sasa yule asemaye kinyago cha Kimakonde huwa amekwisha kufikiri rangi nyeusi.

Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akinoa patasi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watafuta nini?"

Nikamwambia kwamba nataka kuujua mpingo wa kweli na kuutenga na mti mwingine uliopakwa weusi. Hakunijibu kwa maneno kwanza. Alichukua vipande viwili vilivyofanana kwa sura, akavikwangua kwa kisu, na kimoja kikaonyesha weupe chini ya rangi. "Rangi ya viatu haifiki moyoni," akasema. "Kisha kitie majini." Kile cha kweli kilizama mpaka chini ya ndoo na kutulia pale, kwa sababu mpingo ni mzito kupita maji yenyewe, na kile kingine kikaelea. Akanionya, hata hivyo, nisiudharau kila weupe: chini ya gome la mpingo pana ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa, na kiini cheusi huanza baada ya huo, na fundi hodari huuacha ukanda huo makusudi ili kazi ipate pindo.

Juu ya meza yake zilikuwako kalamu chache, nyeusi, nyembamba, zenye pete ya rangi ya dhahabu kiunoni, na moja miongoni mwao ilikuwa na pindo hilo la maziwa likipanda kutoka nchani hadi kishikizoni. Niliposhika ile, uzito wake ulinishangaza, na ubaridi wake pia. Nikauliza nani aliyezikereza. "Hizo zatoka Kilwa," akasema mzee, "kwa watu wanaouona mti wenyewe." Sikuhitaji hoja nyingine ya kusafiri.

Ng'ambo ya Rufiji

Njia ya kusini hufuata bahari bila ya kuiona. Ikwiriri tulikula wali wa mpunga wa bondeni na perege waliokaangwa hadi mapezi yakawa makavu, na baada ya chakula tukavuka Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Mkapa, takriban kilomita nzima ya zege juu ya maji ya rangi ya udongo. Kabla yake wasafiri walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ulipofurika kusini yote ilikuwa kama imetiwa kufuli. Wazee wa Kilwa husimulia habari za kungoja ng'ambo kwa namna ambayo watu wengine husimulia habari za vita.

Vita vyenyewe navyo havikuwa mbali na njia yetu. Mohoro, mji mdogo usiomshtua mpita njia, ndipo Wajerumani walipomnyonga mganga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya Wamatumbi kung'oa pamba ya kulazimishwa na kuwasha moto wa vita vya Maji Maji. Milima ya Matumbi ilionekana upande wa kulia, ya samawati na mvuke, na mimi niliitazama kwa taadhima mpaka msitu ukaificha.

Kikole

Tuliiacha lami, tukaingia bara kwa njia ya vumbi, na hapo mandhari yakabadilika tabia. Minazi ilikoma. Ikatokea miyombo, mininga na mikongo, imepeana nafasi kama watu wanaoheshimiana, na chini yake nyasi ndefu zilizokauka, na kati ya kijiji na kijiji mashamba ya ufuta na mtama. Kikole tulipokewa kwa maji ya kunawa, kisha ugali wa mtama, kisamvu kilichoungwa kwa ufuta uliotwangwa, na asali ya msituni nyeusi yenye harufu ya moshi. Na haikuzungumzwa habari ya mti wowote mpaka mikono imekauka, maana desturi ya huko ni kwamba mgeni hasemi haja yake akiwa na njaa.

Kesho yake alfajiri tuliingia msituni pamoja na wajumbe wawili wa kamati ya maliasili ya kijiji, mwanamume wa makamo na binti aliyeshika daftari na futi ya kupimia. Nilitazamia kuonyeshwa mti wa fahari, mnyofu na mrefu, ulingane na sifa zake. Nilionyeshwa mti mfupi, wenye miiba, gome la kijivu lililopasuka, shina lililojipinda na kugawanyika karibu na ardhi, na matawi yaliyopukutisha majani kwa ajili ya kiangazi. Mtu asiyejua angelipita bila ya kugeuza shingo. Ndiyo *Dalbergia melanoxylon* ya wataalamu, na ndiyo iliyotoa zumari za kizungu, klarineti na obo, zipigwazo katika majumba ya muziki ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa hapana mti unaoshika sauti na kustahimili mate ya mpigaji kuushinda huu.

Binti akafunga futi yake kwenye shina, kimo cha kifua, akasoma, akaandika, akatikisa kichwa. "Huu bado, baba," akamwambia mwenzake. "Wajukuu wangu watausubiri." Wala hakusema hivyo kwa mzaha, kwani mpingo hutaka miaka 70 hadi 100 kabla shina lake halijawa la kufaa kupasuliwa, na aukataye leo akata kazi ya watu waliokwisha kufa. Adui yake mkubwa utotoni ni moto: kila kiangazi nyasi zikiwaka miche huungua hadi mzizini, huchipua tena, huungua tena, mpaka mwaka mmoja mche upate bahati ya kupita kimo cha miali. Ukishakuwa mtu mzima moto haumwogopeshi tena.

Mti unaotimiza kipimo hukatwa kwa idhini, na kisiki na gogo hupigwa nyundo yenye alama, ili mti ujulikane umetoka wapi hata ukifika Ulaya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 Kikole na jirani yake Kisangi vilipata hati ya kimataifa ya usimamizi mwema wa misitu, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa misitu ya asili ya wanavijiji popote pengine barani Afrika. Fedha ya mti huingia katika mfuko wa kijiji, na mkutano wa kijiji ndio uamuao itumikeje. Yule bwana wa makamo alinieleza kwamba zamani gogo lilikuwa likiuzwa kwa mpita njia kwa bei ya soda kadhaa, na alipoyasema hayo sauti yake ilishuka, kama asemaye habari za msiba wa nyumbani.

Jambo lililonikaa moyoni kupita yote ni hili: gogo la mpingo likipasuliwa kwa ajili ya zumari, sehemu inayofaa haifiki hata fungu moja katika kumi. Zumari hudai kipande kirefu, kinyofu, kisicho ufa wala fundo wala doa la weupe, na mpingo si mti wa kunyooka. Kilichobaki hulala chini, au huwa kuni, au huchomwa makaa. Nilisimama mbele ya lundo la masalio hayo, nikaokota kipande kisichozidi urefu wa kiganja, nikakigeuza juani, na ule weusi ukafunuka kuwa zambarau yenye michirizi ya kahawia. Kalamu haihitaji zaidi ya hapo.

Kilwa Masoko

Karakana ya fundi niliyeelekezwa ilikuwa nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka pwani, na ndani yake ilikuwa na mashine ya kukereza ya umeme iliyofungwa juu ya gogo la mkongo, jiriwa mbili, na safu ya patasi zilizonolewa mpaka zikapungua kimo. Babu yake, alisema, alikereza miguu ya vitanda kwa uta: mkono mmoja ukivuta kamba iliyozungushwa kwenye mti, mwingine ukishika chombo, na kidole cha mguu kikisaidia kukiongoza. Yeye amerithi jicho la babu, ingawa mkono wa kushoto umepata pumziko.

Mti hauingii mashine siku ukatwayo. Vipande vilikuwa vimepangwa kivulini, kila kimoja ncha zake zimechovywa katika nta, maana mpingo hukauka kwa ncha upesi kuliko kwa ubavu, na asiyeziziba ncha huamka asubuhi akakuta nyufa. Vilikaa hivyo mwaka na zaidi. Fundi alichagua kimoja chenye pindo la maziwa, akakipasua kwa msumeno kikawa kijiti cha mraba, unene wa sentimita 2, kisha akachora mstari wa chaki ubavuni kabla ya kukikata pande mbili. Nikamwuliza mstari wa nini.

"Ndugu yangu," akasema, "pande hizi mbili zitakutana tena kiunoni mwa kalamu. Nikizichanganya, nyuzi za mti hazitaonana, na jicho la mwenye kalamu litakuwa likijikwaa pale kila aandikapo, hata kama hajui kwa nini."

Kutoboa ndiko kunakopima subira. Kila upande hutobolewa tundu la milimita 7 tangu ncha hadi ncha, na mpingo una mafuta mengi, hivyo unga wake hugandamana ndani ya tundu, keekee hupata joto, na joto hupasua mti. Fundi alitoboa kidogo, akachomoa, akapangusa, akangoja, akarudia. Mpwa wake, aliyekuwa akijifunza, alikuwa na haraka ya ujana, naye fundi akamwambia, "Polepole, mjomba, huu umengoja miaka themanini, utatungoja na sisi." Wote wawili walikuwa wamejifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mpingo huwasha ngozi na kukereketa kifua, na fundi alinikataza kusogea mpaka nami nimefungwa changu.

Katika kila tundu huingia neli nyembamba ya shaba, ambayo ndiyo mfupa wa kalamu. Aliikwaruza kwa msasa ili gundi ipate pa kushika, akapangusa ndani ya tundu kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya mti, akaipaka gundi na kuisukuma huku akiizungusha. Kisha akavilaza vipande juu ya rafu na kunifukuza kwa upole: gundi haipendi kutazamwa, na mashua za kwenda Kisiwani zilikuwa zikitweka.

Kisiwani

Nani afike Masoko asivuke Kilwa Kisiwani? Tanga lilijaa upepo, maji yalikuwa ya kijani hadi yakawa buluu, na kabla nahodha hajamaliza kisa chake tulikuwa tumeshuka penye mikoko, chini ya ngome ya Gereza. Nilitembea katika Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, na chini ya kuba zake nikaona jinsi mafundi walivyochonga matumbawe kwa wembamba ambao mtu angedhani ni wa mbao. Nikapanda hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na hodhi ya pembe nane ikitazama bahari. Katika enzi ya sultani huyo, mwaka 1331, alifika Ibn Battuta, akausifu mji kwa uzuri na akaandika kwamba majumba yake yalijengwa kwa mbao. Mbao zile hazipo. Mawe yamebaki, na maandishi yamebaki, na hayo mawili tu ndiyo yatupayo Kilwa ya zamani.

Niliketi juu ya ukuta uliobomoka nikitafakari habari hiyo. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na fahari yake ikaanza kuzama. Lakini mtu mmoja wa Kilwa, katika karne ya 16, alikaa chini na kalamu yake akaandika kwa Kiarabu habari za masultani wa mji wake, na kwa ajili ya mtu huyo majina ambayo yangepotea tunayataja leo. Wanakijiji wa Kisiwani walinipa pweza wa nazi na mkate wa kumimina chini ya mbuyu, na jua lilipoinama tukarudi.

Masoko tena

Gundi ilikuwa imeshika. Fundi alizisawazisha ncha za vipande mpaka shaba ikachungulia, safi, sawasawa na mti, kwani ncha ikiinama hata kwa unene wa ukucha kalamu itakuwa na pengo kiunoni. Akavipachika vipande vyote viwili juu ya fimbo nyembamba ya chuma, na kando ya kila kimoja pete ya chuma iliyo kipimo cha mwisho, ili chombo kijue mahali pa kukoma. Akawasha mashine.

Mwanzoni mlio ni wa kugonga, maana pembe nne za mraba hupiga makali ya bobari moja baada ya nyingine, na vipande hurukaruka. Halafu pembe zikaisha, kijiti kikawa duara, na mlio ukabadilika kuwa mvumo mmoja mrefu. Fundi hakuwa akitazama chombo. Alitazama mgongo wa mti upande wa juu, pale umbo linapoonekana dhidi ya nuru, na mikono yake ilikwenda kwa masikio. Patasi ya makali ya mshazari ilipochukua nafasi ya bobari, maranda yalianza kutoka membamba na marefu, yakipanda juu ya mkono wake na kujikunja, na harufu tamu kidogo, nzito, ikajaa karakana. Mara tatu alisimamisha mashine akanoa, kwa kuwa mpingo hula makali. Aliacha mgongo wa kalamu na uvimbe mdogo pale vidole vinaposhika, mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Nilipomwuliza sababu, alinipa kalamu ya kiwandani nishike, kisha ile, na sikuuliza tena.

Baada ya hapo msasa. Zamani mafundi wa pwani walitumia majani makavu ya mti wa msasa wenyewe, makali kama ulimi wa paka. Siku hizi ni karatasi, kuanzia namba 240, kisha 400, kisha 600, na kuendelea hadi ile ambayo kidole hakihisi mkwaruzo wowote. Kila namba ikimalizika mashine husimamishwa na mti husuguliwa kwa mkono kufuata urefu wa nyuzi, ili mikwaruzo ya mviringo ifutike, na vumbi hupanguswa lote, hasa mahali penye pindo la maziwa, kwa sababu unga mweusi ukisukumwa katika weupe hautoki tena. Mpwa alitaka kuruka namba moja. Fundi hakumkemea, alimpa kipande chake na kumpeleka juani, na kijana mwenyewe akaiona mikwaruzo, akarudi kwenye mashine kimya.

Nilidhani sasa itakuja vanishi. Haikuja. Mpingo una mafuta yake, nao huchukia kuvikwa nguo isiyo yake. Rangi za juu huukaa kwa muda, kisha hubabuka. Fundi alijaza kiganja maranda yale yale ya kalamu ile, akayakandamiza juu ya mti uliokuwa ukizunguka, na mti ukajing'arisha kwa mwili wake. Mwisho akagusa nta ya nyuki kidogo kwa karatasi laini, si kwa kitambaa, kwani kitambaa kikinaswa na mashine huvuta vidole. Joto la kuzunguka likaiyeyusha nta, na mng'ao ukatokea wa chini, mtulivu, kama wa maji ya kisimani.

Kuunganisha ni kazi fupi: ncha, kiungo cha kuzungusha, mrija wa wino, pete ya kiunoni, kishikizo na kofia, vyote vikasukumwa mahali pake kwa jiriwa iliyofungwa taratibu. Mstari wa chaki ulikuwa umefutika zamani, lakini nyuzi za mti zilikutana kiunoni bila ya kukosana, na pindo la maziwa likapanda moja kwa moja.

Kivinje

Usiku wangu wa mwisho nilikaa Kilwa Kivinje, barazani, pamoja na wazee, kwa kahawa na kashata, mbele ya majengo ya Wajerumani yanayoliwa na mizizi. Kalamu ilipita mkono hadi mkono. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa karani, aliandika jina lake juu ya karatasi kwa hati ya Kiarabu na kwa hati ya kizungu, akasema kalamu nzito haimkimbizi mwandishi. Mwingine akauliza bei, na alipoambiwa akasema ni ghali. Nami nilimjibu, na nasimama juu ya jibu hilo, kwamba si ghali: bei ile yamlipa mlinzi wa msitu, na fundi, na kijana ajifunzaye, na yote hayo yamepatikana katika kipande ambacho jana kilikuwa kikingojea moto wa makaa. Mbao ya zumari lazima isafiri ng'ambo kabla haijawa kitu. Kalamu yaweza kumalizwa Kilwa.

Tangu mwaka 2017 jamaa yote ya Dalbergia imo chini ya mkataba wa kimataifa wa kuchunga biashara ya miti na wanyama walio hatarini, nalo ni jambo jema. Lakini mkataba hauwezi kumwuliza muuza duka swali ambalo mnunuzi mwenyewe ameona haya kuliuliza. Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu, makadhi, mahakimu, wahariri, na kila anayetaka kumtunukia mwanafunzi au mstaafu kalamu, aagize ya mpingo iliyokerezwa kusini, na kabla ya kulipa amwulize muuzaji mti umetoka katika msitu wa kijiji gani na kama gogo lake lilipigwa nyundo. Asiyeweza kujibu, msinunue kwake.